Skrini Moja, Kila Mtu na Dakika Yake: Kisa cha Ukumbi wa Filamu Ndani ya Second Life

Malalamiko yalikuwa manne, na kila moja lilionekana kama ugonjwa wake peke yake. Mwanachama mmoja aliandika kwenye gumzo, "Mbona kwangu nyeupe tupu?" Mwingine, aliyeko Ujerumani, aliona ukurasa mrefu wa kuomba ridhaa ya vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari) umefunika skrini nzima. Wa tatu aliiona filamu vizuri kabisa, ila alikuwa akicheka karibu dakika nzima kabla ya wenzake, na kwa kuwa wote walikuwa wamewasha maikrofoni, kicheko chake kiliharibu kila kituko kabla hakijafika. La nne ndilo lililowakera zaidi: katikati ya filamu, skrini ya wote iligeuka ikawa somo la kupika. Hakuna aliyekiri kugusa kitu.

Kikundi chenyewe ni watu kama ishirini, wapenzi wa filamu bubu za zamani, waliotawanyika Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya na Kanada. Hukutana Jumamosi usiku katika kiwanja chao ndani ya Second Life, ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa na Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003 na ambao mpaka leo una wakazi wake. Kiwanja ni cha mita za mraba 1,024 na kinabeba vitu hadi uzito wa 351 kwa hesabu za huko, kwa hiyo si pa kumwaga mapambo ovyo. Wamejenga ukumbi wenye viti vya ngazi na mapazia, na mlangoni wameweka kibanda cha bisi. Skrini waliinunua kwa muuzaji wa humo humo. Dada anayekiongoza kikundi alikuwa ameshatoa hukumu kabla sijaanza kuchunguza: tatizo ni intaneti ya Afrika, walioko Dar na Nairobi wanunue bando kubwa zaidi.

Yule aliyekuwa akicheka mapema yuko Dar.

Kinachoshirikiwa ni nini hasa

Jengo, viti na avata zote (wahusika wanaowawakilisha watu) za Second Life hupita kwenye seva za Linden Lab. Ukisogeza kiti, seva inajua, na inawaambia wote waliopo. Kwa sababu hiyo mtu hudhani video nayo inapita njia hiyo hiyo: kwamba kuna mashine mahali fulani inaichezesha filamu na kuirusha kwa wote kama runinga. Haipo. Seva inahifadhi anwani tu, mstari wa herufi uliofungwa kwenye uso wa kitu fulani. Kila anayefika karibu hupewa anwani hiyo, kisha programu yake ya kuingilia, iliyoko kwenye kompyuta yake mwenyewe, inakwenda kuifungua na kuibandika picha juu ya uso ule. Watazamaji ishirini ni upakuaji mara ishirini, kutoka miji tofauti, na kila mmoja umeanza pale ukurasa ulipomaliza kufunguka kwa mhusika.

Ni kama usiku wa Simba na Yanga mtaani. Jirani mwenye dishi anapiga kelele za bao, nawe kwenye simu yako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Ukishalijua hili, malalamiko manne yanaanza kufunguka. Aliyeona nyeupe, programu yake haikuifungua ile anwani kabisa. Wa Ujerumani alionekana na tovuti ya video kama mgeni mpya kutoka Ulaya, akatakiwa ridhaa inayodaiwa na sheria za huko. Vidakuzi vya mwenzake wa Kanada havimhusu, kwa sababu kila mmoja ana kivinjari chake ndani ya programu yake. Wa Dar alikuwa ameingia ukumbini mapema kuliko wote, filamu ikamwanzia mapema kuliko wote. Intaneti yake ilikuwa nzuri, tena pengine nzuri kuliko ya Toronto usiku ule. Somo la kupika lilikuwa suala la ruhusa, na nitalifikia.

Njia mbili kwenye skrini moja

Kilichochelewesha uchunguzi ni kwamba ukumbi ule ulikuwa umefungwa mifumo miwili juu ya uso mmoja, na hakuna aliyekuwa akijua.

Mfumo wa kwanza ni wa zamani: media ya kiwanja. Kiwanja kizima kina anwani moja ya video na picha moja ya kuvika uso iliyoteuliwa kuwa mbadala, na popote picha ile ilipobandikwa ndani ya mipaka, video inachukua nafasi yake. Ukivuka mpaka hatua moja, inakatika. Zamani ulitegemea QuickTime, kichezaji cha video cha Apple, na Apple ilipoachana na QuickTime ya Windows mwaka 2016 kazi ikahamia kwenye maktaba ya VLC, kichezaji kingine. Una nidhamu nzuri, lakini una sharti moja linalowaangusha wengi: skripti (maagizo mafupi ya programu) inayoutumia amri, kwa kazi iitwayo llParcelMediaCommandList, lazima iwe ndani ya kitu kinachomilikiwa na mwenye kiwanja. Kiwanja cha kikundi hiki kilikuwa kimekabidhiwa kikundi. Skrini ilikuwa mali ya dada mwenyewe. Kwa macho ya mfumo, yeye na kikundi chake ni wamiliki wawili tofauti, kwa hiyo kila alipobonyeza "cheza" amri ilikuwa haifiki popote. Dawa yake ni kukikabidhi kitu nacho kwa kikundi, na maelezo ya muuzaji yaliandikwa kwa ajili ya mtu anayemiliki kiwanja peke yake.

Mwanachama mmoja mwenye bidii alipoona skrini haichezi, akapita njia ya pili: akaweka ukurasa wa wavuti moja kwa moja kwenye uso wa skrini ile ile. Hii ni media ya juu ya uso, iliyokuja na toleo la pili la programu ya Second Life mwaka 2010. Hapa kila uso wa kila kitu unaweza kubeba ukurasa wake, na ukurasa huo unafunguliwa na kivinjari kamili cha ukoo wa Chromium, msingi wa Google Chrome, kilichomo ndani ya programu. Haijali mmiliki wa kiwanja ni nani. Haikomei mpakani pia. Jirani akielekeza kamera yake kwenu anaiona filamu, jambo ambalo baadhi ya majirani hawalipendi.

Aliweka pale ukurasa wa kawaida wa tovuti maarufu ya video, pamoja na matangazo yake, orodha ya mapendekezo pembeni na kila kitu. Kisha akaacha ruhusa kama zilivyokuja. Sasa, ruhusa za media ya juu ya uso ni mistari miwili, na majina yake yanapotosha kidogo. Mmoja unaamua nani aone upau wa vidhibiti juu ya skrini. Mwingine unaamua nani aweze kubofya ndani ya ukurasa na kwenda ukurasa mwingine. Kubofya na kuhama viko kwenye ruhusa moja, na kuhama kwa mmoja ni kuhama kwa wote, kwa sababu anwani mpya inarudi kwenye seva na kugawiwa upya. Mtu aliyebofya video iliyopendekezwa pembeni, pengine kwa kugusa kipanya bila kukusudia, aliwahamisha wote ishirini jikoni. Hakuona kosa lolote kwa sababu upande wake ilikuwa ni kubofya kama kubofya kwingine.

Waliozoea VRChat, ulimwengu mwingine wa mtandaoni, wataitambua hali hii, maana huko nako kinachosafiri ni anwani na kila mtu anajipakulia mwenyewe. Tofauti ni kwamba vichezaji vya video vya huko, vile vinavyotengenezwa na wajenzi wa dunia zake, mara nyingi huja na saa ya pamoja ndani yake. Second Life inakupa uso na anwani, saa ujitafutie.

Kuchagua filamu kabla ya kuchagua waya

Kabla ya kugusa skripti ilibidi tuongee kuhusu faili. Huduma za kulipia zenye kufuli za hakimiliki hazikuwa za kufikiriwa: masharti yake hayaruhusu maonyesho ya kikundi, na kuingiza nywila kila mara ndani ya kivinjari cha mchezo ni mazoea mabaya kwa usalama hata pale yanapofanya kazi. Tovuti za video za bure nazo zimekuwa zikibana. Baadhi sasa hudai kujulishwa ni ukurasa gani uliopachika video yao, na ukiifungua anwani ya kupachika peke yake juu ya uso wa skrini, hakuna ukurasa wa kutajwa, unapata ujumbe wa hitilafu.

Kikundi hiki kina bahati ya kupenda vitu vya kale. Filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1929 zimeshatoka kwenye hakimiliki ya nchi hiyo, na nyingi zinapakulika bila shida. Lakini mtu wa Ujerumani yumo kikundini, na huko hesabu ni miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya watunzi wakuu, pamoja na mwongozaji. Filamu ya 1925 inaweza kuwa huru New York na kufungwa Berlin. Tena muziki uliorekodiwa juzi kuisindikiza filamu bubu una mwenyewe hata kama picha haina. Tulikubaliana kuchagua zile zinazopita pande zote, na kwa muziki kutumia rekodi ambazo watengenezaji wameziachia kwa leseni huria. Orodha ilipungua karibu nusu. Dada hakufurahi, ila aliona mantiki.

Faida ya kuwa na faili lako ni kwamba unaliandaa utakavyo. Tulilitoa katika MP4, picha kwa H.264 na sauti kwa AAC (mifumo ya kawaida ya kubana video na sauti), na jambo moja ambalo watu hulisahau: faharasa ya faili, yaani orodha inayoonyesha kila sehemu iko wapi, ihamishiwe mwanzo. Faili nyingi za MP4 hubeba faharasa mkiani, na kivinjari kikitaka kuruka hadi dakika ya 40 hulazimika kwanza kwenda kuusaka mkia. Programu ya ffmpeg inalifanya hilo kwa neno moja, faststart. Seva inayohifadhi faili hilo nayo lazima ikubali kutoa kipande cha faili kinachoombwa badala ya faili zima. Ikijibu kwa namba 206 ujue inakubali. Bila hivyo viwili, yanayofuata yanasuasua au hayafanyi kazi kabisa.

Umbo la skrini lilikuwa dogo lakini nalitaja. Filamu bubu zina uwiano wa 4 kwa 3, na skrini iliyonunuliwa ilikuwa pana ya 16 kwa 9. Tukajenga mpya ya mita 8 kwa 6, ukurasa wa pikseli 1,024 kwa 768, na uso wake tukauwekea mwangaza kamili ili usiku wa eneo lile usiitie filamu giza.

Saa

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiwa huwezi kuwagawia watu video moja, wagawie wakati mmoja.

Skripti yenyewe ni fupi. Dada anagusa kitufe kilichofichwa nyuma ya pazia. Skripti inasoma saa kwa llGetUnixTime, yaani sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, namba isiyojua Dar wala Toronto. Inaongeza sekunde 60, kisha kwa llSetPrimMediaParams inaandika kwenye uso anwani ya ukurasa wetu, ukurasa wa wavuti tuliouandaa wenyewe na kuuweka kwenye seva ya dada, ikimalizia na alama ya kuuliza na neno anza lenye namba hiyo. Basi. Seva ya Second Life inafanya ile kazi moja inayoiweza, kuwagawia wote anwani ile ile.

Mengine yote yanafanywa na ukurasa. Ukifunguka unatazama saa, unatoa namba ya anza, na tofauti ndiyo sekunde ya filamu inayotakiwa kuonekana. Tofauti ikiwa chini ya sifuri, unaonyesha hesabu ya kurudi nyuma, na watu wana dakika ya kukaa vitini. Ikiwa juu ya sifuri, unaruka moja kwa moja. Anayeingia dakika 20 baada ya kuanza anatua kwenye sekunde ya 1,200, hana haja ya kuuliza mmefika wapi.

Saa ya nani, lakini? Kompyuta ya kila mtu ina yake, na laptopu ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inaweza kukosea kwa dakika kadhaa bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo ukurasa hauamini kompyuta. Unaiuliza seva iliyoutuma, ambayo kila jibu lake hubeba tarehe na saa kwenye vichwa vyake, unapata tofauti kati ya saa mbili, na kuanzia hapo unahesabu kwa saa ya seva. Ombi hilo lazima likatazwe kuhifadhiwa njiani, vinginevyo kivinjari kitakupa jibu la zamani na saa yake ya zamani, nawe utajikuta umesawazisha watu wote na jana. Usahihi wake ni kama sekunde moja. Kwa kicheko inatosha. Kwa kuimba pamoja haitoshi, na dada aliyewahi kufikiria usiku wa taarabu ya pamoja nilimwambia hivyo waziwazi.

Kuanza pamoja hakuhakikishi kumaliza pamoja. Mtandao ukikwama sekunde tano, mtu anabaki nyuma sekunde tano mpaka mwisho. Kwa hiyo kila sekunde 10 ukurasa unajipima. Tofauti ikiwa chini ya nusu sekunde, unaiacha. Ikiwa kati ya nusu na sekunde tatu, unaharakisha au kupunguza mwendo kwa asilimia 5, na hakuna jicho linalogundua. Ikizidi tatu, unaruka.

Kuruka huku kuna mtego wake. Mwenye mtandao dhaifu akirushwa mbele, kivinjari kinatupa akiba iliyokuwa imepakuliwa na kuanza kuomba sehemu mpya. Kiduara kinazunguka. Wakati kinazunguka anabaki nyuma tena. Anarushwa tena. Tuliona mwanachama wa Nairobi akizungushwa hivyo mfululizo bila kuona hata tukio moja zima, ilhali bila usawazishaji angeiona filamu yote kwa kuchelewa kidogo tu. Tukaweka kanuni: ukurasa usiruke mpaka akiba ya mbele itoshe, na ukikwama mara kwa mara ushuke kwenye faili jepesi kabla ya kujaribu tena. Kwangu mimi, mfumo wa kusawazisha usio na kanuni hiyo ni adhabu kwa maskini wa mtandao.

Hilo linatupeleka kwenye bando. Filamu ya dakika 90 kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, ambayo ni kawaida ya video ya mistari 720, inakula karibu gigabaiti 1.7. Kwa mistari 480 na megabiti moja kwa sekunde ni megabaiti 675. Ukishuka hadi nusu megabiti ni kama 340. Na hiyo ni mbali na data ya Second Life yenyewe, inayopakua kuta, viti na mavazi ya kila avata. Upande wa seva, watu ishirini wa 480 ni gigabaiti 13.5 kwa usiku mmoja. Dada alitaka 720 kwa heshima ya ukumbi. Nikamwonyesha kwamba ukiwa umekaa kitini, skrini inachukua sehemu tu ya dirisha lako, na nakala tulizokuwa nazo za filamu hizo za kale hazikuwa na undani wa kujaza mistari hiyo. 480 ndiyo ikawa kawaida, na faili jepesi likakaa chini yake kama wavu.

Ruhusa, na faida ambayo hatukuitafuta

Kwa ruhusa tuliamua hivi: upau wa vidhibiti auone mmiliki peke yake, kubofya aruhusiwe kila mtu. Hilo la pili linaonekana kama kurudi palepale kwenye mapishi, isipokuwa ukurasa wetu hauna kiungo hata kimoja cha kukupeleka kwingine. Juu yake tukawasha orodha ya anwani zinazoruhusiwa yenye tovuti yetu tu. Kubofya kulihitajika kwa sababu mbili. Kwanza, vivinjari vya siku hizi huweza kuzuia sauti kujianzisha bila mtu kugusa chochote, hivyo kuna kitufe kikubwa cha "washa sauti". Pili, manukuu.

Filamu bubu huzungumza kwa vibao vya maandishi, vingi kwa Kiingereza au Kijerumani. Wanachama wawili walikuwa wameshaanza kuvitafsiri kwa Kiswahili na kuvibandika kwenye gumzo kwa mkono, wakikimbizana na filamu. Tukaviweka kwenye faili la manukuu lenye saa za kila kibao, na ukurasani vitufe vya kuchagua lugha. Kwa kuwa kila mtu ana ukurasa wake, anayechagua Kiswahili hamlazimishi jirani yake kitini. Ile hali ya kila mtu kuwa na nakala yake, iliyoleta usumbufu wote, hapa ilitoa kitu ambacho ukumbi wa matofali hauwezi kutoa. Sharti ni moja: kitufe kisibadilishe anwani ya ukurasa hata kwa herufi, maana mabadiliko ya anwani hugawiwa kwa wote.

Suala la faragha nililitaja mwenyewe kabla halijaulizwa. Kompyuta inayofungua anwani inaiachia seva namba yake ya IP, yaani anwani yake ya mtandao. Mwaka 2011 kulizuka ugomvi mkubwa ndani ya Second Life juu ya kifaa kilichoitwa RedZone, kilichotumia mwanya wa media kukusanya namba hizo na kudai kuonyesha avata zipi ni za mtu mmoja. Tangu hapo wakazi wengi wa zamani huzima media isijianzishe, na programu za kuingilia kama Firestorm zina kichujio kinachouliza kabla ya kufungua tovuti ngeni. Ndiyo ilikuwa siri ya skrini nyeupe: mwanachama yule alikuwa ameshawahi kubonyeza "kataa" akasahau. Sikumwambia azime kichujio. Nilimwambia airuhusu tovuti moja, ya kikundi, na dada akakubali kuzima kumbukumbu za wageni kwenye seva yake na kulitangaza hilo kwenye ubao wa mlangoni.

Kibanda cha bisi nacho kilipoteza tangazo lake linalocheza. Lilikuwa ni ukurasa mwingine wa wavuti, na programu ya kila mtu huchezesha media chache tu kwa wakati mmoja. Hakuna sababu ya bisi kushindana na filamu.

Usiku wa kwanza wa mfumo mpya

Hesabu ilirudi nyuma, ikafika sifuri, na vicheko vikaja kwa pamoja au karibu na pamoja. Sauti za maikrofoni zina ucheleweshaji wake ambao hatuna mamlaka nao. Programu ya mtu mmoja wa Kanada ilijifunga katikati. Alirudi ndani akatua kwenye dakika waliyopo wenzake. Mapumziko yalisumbua zaidi kuliko tulivyopanga. Kusimamisha si kusimamisha. Ni kuhesabu upya anza ili sekunde ya filamu ibaki pale pale baada ya dakika kumi, kisha kuandika anwani mpya, na kila mtu anafungua ukurasa upya. Waliochagua manukuu ya Kiswahili walilazimika kuyachagua tena mpaka tulipoufundisha ukurasa kukumbuka chaguo la mwisho.

Yule wa Nairobi bado ana laptopu ya zamani inayochemka ikibeba ukumbi na video kwa pamoja. Amepata njia yake: anamkalisha avata kitini, anazima media kwenye laptopu, kisha anafungua anwani ile ile kwenye simu. Ukurasa haujui wala haujali kama uko ndani ya Second Life, unaiuliza seva saa na kumpeleka kwenye sekunde ile ile. Wengine wawili wamemwiga. Dada aliniuliza kama hao wahesabiwe kuwa wamehudhuria. Wapo vitini na wanacheka kwa wakati, mimi ningewahesabu.